Gambuti nyeusi za sokoni Kasese, viatu vyangu vya Rwenzori

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu huuliza kwanza: shilingi 35,000 za Uganda kwa jozi, nyeusi, namba 9, soko la Kasese mjini. Chapa siijui. Kwenye soli pana herufi zilizosagika kabla hata sijazivaa, na ndani pamepigwa muhuri wa namba tu. Ni gambuti zile zile anazovaa mkamua maziwa, mchimba mitaro na mama anayekwenda shamba siku ya mvua. Mimi nimekwenda nazo milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kutoka lango la hifadhi pale Nyakalengija hadi kibanda cha Elena, juu ya mita 4,500, mahali barafu ya Mlima Stanley inapokaribia, na nimeteremka nazo zikiwa nzima.

Wenzangu wa baisikeli hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, wamenicheka vya kutosha. Wao kwao mlima ni buti la ngozi, kamba nyekundu, nembo ya Ulaya kwenye kifundo, lile la mtumba linalopatikana Owino, Kampala, kwa bei ya mbuzi. Sina ugomvi na buti la ngozi. Ninalo, na nitalisifu huko mbele linapostahili. Ila Rwenzori ina mambo yake, na anayekwenda kule akiwa amevaa ngozi tupu nitamwonea huruma kuanzia siku ya pili.

Nijitambulishe kidogo ujue unasikiliza miguu ya nani. Nimekulia kota za reli Tororo. Baba alitoka Tanga enzi reli ikiwa moja kwa Afrika Mashariki yote, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 sisi tukabaki hapa hapa. Ndani ya nyumba Kiswahili, nje ya mlango Kijapadhola na Kiteso. Ukitoka uani unauona Mwamba wa Tororo umesimama peke yake, kilele chake mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na sisi watoto wa kota tuliupanda kabla ya kujua kwamba kuna watu duniani wanaolipa kupanda. Asubuhi ikiwa safi, upande wa kaskazini Elgon inajionyesha, bluu na pana. Nilijifunza baisikeli kwenye Raleigh ya baba, mguu nimeupitisha katikati ya fremu kwa sababu tandiko sikulifikia, na nilipolifikia tu nikaelekea Mbale, kilomita kama 45, kwenda kuutazama ule mlima kwa karibu. Tangu hapo sijapona. Baadaye ikaja Kisoro na volkano zake, na enzi treni ya abiria ilipokuwa bado inafika Kasese nilikuwa napakia baisikeli behewa la mizigo Kampala na kushuka nayo mwisho wa reli, na milima ya Rwenzori iko pale mbele yangu, imejifunika mawingu.

Sasa turudi kwenye gambuti.

Muuzaji wangu ni mama mmoja mwenye kibanda cha viatu vya kazi. Kasese si mbali na mpaka wa Mpondwe, wafanyabiashara wa Congo wanaingia na kutoka, kwa hiyo Kiswahili sokoni ni cha kawaida kabisa na mzee kama mimi anajisikia nyumbani. Nilikuwa nimeshika jozi nzuri inayong'aa, soli ya njano. Nikamuuliza:

"Mama, hizi ni mpira mtupu au plastiki?"

"Unakwenda nazo shamba au mlimani, mzee wangu?"

"Mlimani."

"Basi rudisha hizo." Akainama chini ya meza, akatoa jozi nyeusi isiyo na mvuto wowote, yenye vumbi. "Wabeba mizigo wanachukua hizi. Elfu 50."

"Mama, mimi ni mstaafu."

"Mstaafu anapanda mlima kutafuta nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani ndiyo maana alinipunguzia.

Alikuwa sahihi kuhusu plastiki, na hili ndilo jambo la kwanza la kuangalia kabla hujatoa pesa. Sokoni gambuti ni za aina mbili hata kama muuzaji atakuapia kwamba zote ni sawa. Ya plastiki imemiminwa kwenye kalibu kwa mara moja, inang'aa, na ukiitazama vizuri utaona mstari mwembamba ulioshuka katikati, mbele na nyuma, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Ya mpira imejengwa kwa matabaka yaliyobandikwa, rangi yake imefifia, na ukiinusa inanuka mpira kama tyubu mpya. Kwenye joto la Kasese mjini hutaona tofauti mguuni. Tofauti utaiona alfajiri kwenye kibanda cha Bujuku huko mlimani, karibu mita 4,000, baridi imelala nje usiku kucha. Plastiki huwa ngumu kwenye baridi. Inakataa kukunjika pale unapokunja kifundo, inakukwaruza muundi kila hatua, na baada ya kukunjwa kwa nguvu siku kadhaa inaanza kupasuka kwenye ule mkunjo. Mpira unabaki laini. Kwa hiyo ikunje gambuti kwa mikono miwili pale pale kibandani, mbele ya mwenye mali, na kama anakukataza kuikunja, nenda kibanda kingine.

Angalia pia bitana ya ndani. Kitambaa kizuri kimeshikana na mpira hadi kwenye vidole. Kibaya kinaishia kifundoni, na huko mbele mguu unasugua mpira mtupu. Ingiza mkono wote, usione aibu. Soli iwe na meno marefu yaliyoachana, kwa sababu meno yaliyobanana hujaa udongo na baada ya hatua kumi unatembea juu ya soli bapa. Kisigino kiwe na ukingo ulionyooka. Kile cha mviringo hakishiki kwenye ngazi, na Rwenzori ngazi ziko.

Kwa nini Rwenzori ni maji namna ile? Wengi wanadhani ni mvua tu. Mvua ipo, na hata miezi ile inayoitwa mikavu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, usitegemee kukauka. Lakini Elgon nayo inanyeshewa na haiko hivyo. Elgon, Muhavura ya Kisoro na wenzao ni volkano, na majivu na mawe yao yenye matundu yananywa maji upesi. Rwenzori si volkano. Ni bamba la miamba ya kale lililosukumwa juu kando ya Bonde la Ufa, mwamba mgumu usiopitisha maji, na mabonde yake yalichongwa na barafu za zamani yakaachwa na sakafu bapa. Maji yakishuka hayana pa kuzama wala haraka ya kwenda. Yanakaa, majani yanaoza ndani yake polepole kwa sababu ya baridi, na unapata kinamasi cha mboji nyeusi ambacho mguu ukiingia hujui utasimama wapi.

Kinamasi chenye sifa zaidi ni Bigo, baada ya kibanda cha John Matte kuelekea Bujuku. Kuna njia ya mbao iliyowekwa juu yake sehemu kadhaa, kazi nzuri, inaokoa miguu ya watu na inaokoa kinamasi chenyewe kisikanyagwe. Pasipo na mbao unaruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine. Kila kichuguu kimefika magotini, kichwa chake kinayumba, na kati ya kimoja na kingine kuna tope. Vijana wa Kikonzo wanaobeba mizigo wanaviruka na kilo zao kichwani na mgongoni utadhani wanavuka barabara. Sisi wengine tunakosea kila baada ya muda, na hapo ndipo urefu wa gambuti unapolipa shilingi zake zote 35,000. Tope linafika nusu ya muundi, unachomoa mguu na mlio mkubwa wa kunyonywa, unaendelea. Ndani soksi kavu.

Katika msafara mmoja tulikuwa na kijana mgeni, mpole, mwenye buti zilizogharimu fedha nyingi kwao. Zilikuwa na ule utando wa ndani unaozuia maji. Utando ule ni wa kweli, haudanganyi: maji hayapiti kwenye ngozi. Ila tope la Bigo halikupitia kwenye ngozi, lilipitia juu, kwenye kifundo, na likishaingia utando ule ule unalizuia lisitoke. Jioni alimimina, akafuta, akaweka buti karibu na moto. Kwenye hewa iliyolowa namna ile hakuna kinachokauka usiku mmoja. Kuanzia asubuhi iliyofuata alikuwa anaingiza mguu wa moto kwenye kiatu cha baridi na maji, kila siku, hadi tulipomaliza mzunguko. Wapagazi walizipangusa gambuti zao kwa kitambaa, wakazipindua juu ya vijiti, wakalala. Mpira haunywi maji, basi hauna cha kukausha isipokuwa jasho.

Na hapo ndipo zinapoanza lawama zangu, maana jasho ni tatizo kubwa. Siku ya kwanza, kutoka Nyakalengija hadi kibanda cha Nyabitaba, ni msitu, kuna joto, unapanda kwa saa nyingi, na mguu ndani ya mpira unatota kwa maji yake wenyewe. Ukikamua soksi jioni inatoa maji. Ngozi iliyolowa huchubuka, na malengelenge ya siku ya kwanza unayabeba hadi ya mwisho. Dawa yake ni kutozivaa siku hiyo. Mimi siku ya kwanza navaa raba za kawaida, gambuti zimening'inia nje ya begi, na nazivaa Nyabitaba asubuhi inayofuata, kabla ya kuteremka daraja la Kurt Shafer na kuanza ule upande wa mianzi na mawe yenye utelezi. Mpagazi mmoja aliniambia nina mbwembwe. Yeye alizivaa tangu nyumbani kwake, bila soksi.

Lawama ya pili ni kifundo. Gambuti haishiki kifundo hata kidogo. Ukikanyaga jiwe upande, mguu unalala ndani ya kiatu na kiatu kimesimama. Kisigino pia kinapanda na kushuka, na ukiwa unapanda kwa saa nne kupanda na kushuka huko ni msasa. Nilijaribu soksi tatu, vidole vikakosa damu na kupoa. Kilichonisaidia kimetoka kwenye baisikeli: kata ukanda wa tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili, uzungushe juu ya unyayo, upite chini ya tao la soli mbele ya kisigino, kisha ufunge kwenye kifundo. Unavutika vizuri, hauozi, na ukikatika unao mwingine mfukoni. Kisigino kinatulia. Ndani niliongeza soli nene ya sufu iliyokatwa kwa mkasi, na ndiyo maana nilinunua namba 9 wakati mguu wangu ni 8. Soksi mbili: nyembamba ndefu inayopita ukingo wa gambuti, juu yake ya sufu. Ile ndefu muhimu, kwa sababu ukingo wa mpira unakata shavu la mguu likiwa wazi.

Lawama ya tatu ni mteremko. Kuteremka kutoka pito la Freshfield, kupitia Bujongolo, lile pango la mwamba ambapo Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia na Duke wa Abruzzi, aliweka kambi yake mwaka 1906 alipokuja na Waitalia wake kupanda vilele hivi, hadi kibanda cha Guy Yeoman, na siku inayofuata kando ya mto Mubuku, ni mteremko juu ya mteremko. Vidole vinagonga mbele ya gambuti. Hakuna kamba za kuvizuia kama kwenye buti. Kata kucha kabla hujatoka nyumbani, hilo moja, na teremka upande upande ukiwa na fimbo. Nilipoteza ukucha mmoja wa kidole gumba. Ulirudi.

Juu ya Elena gambuti inaisha kazi, na hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Kwenda kilele cha Margherita, mita 5,109, kilele cha mlima wa tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, unahitaji buti gumu linaloweza kufungwa meno ya chuma chini, pamoja na kamba na shoka la barafu. Meno yale yakifungwa kwenye gambuti yanachomoka, na mpira mwembamba hauzuii baridi ya barafu. Buti hilo linabebwa kwenye mzigo hadi Elena likiwa kavu, kavu kabisa, kwa sababu halikuguswa na Bigo, na linavaliwa usiku ule wa kupanda tu. Barafu yenyewe imepungua sana tangu siku za wale Waitalia. Pana mwamba mtupu sasa mahali palipokuwa peupe, mwamba uliosuguliwa ukawa laini, na ukilowa ni afadhali barafu. Gambuti pale itakuua.

Jozi yangu ilitoboka mara moja, jiwe lenye ncha karibu na maziwa ya Kitandara, tundu dogo juu ya kidole kidogo. Nilikuwa na viraka vya tyubu na gundi yake kwenye mfuko wa spana, vile vile ninavyobeba nikiwa barabarani. Kausha, kwaruza kwa msasa, paka gundi, subiri ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, bandika, kandamiza kwa kitako cha kikombe. Kiraka kimekaa hadi leo. Hii ni sababu nyingine ya kuchagua mpira: gundi ya tyubu inashika mpira kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya mpira, na kwenye plastiki inabanduka ikiguswa tu na tope. Fundi baisikeli yeyote wa Kasese atakubandikia kiraka kwa shilingi chache, mwambie akwaruze zaidi ya anavyokwaruza tyubu.

Kuhusu kuziendeshea baisikeli, usijaribu kwa umbali. Kutoka Kasese mjini hadi Nyakalengija ni zaidi kidogo ya kilomita 20: unashika barabara ya Fort Portal, tambarare, jua la bondeni linapiga bila huruma, mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku yako upande, halafu unakata kushoto kuelekea Bugoye na Ibanda na kuanza kupanda. Soli ya gambuti ni nene, huisikii pedali. Kwenye pedali za mpira za zamani inashika vizuri, kwenye zile za plastiki bapa za baisikeli za siku hizi inateleza mvua ikianza. Mguu unachemka. Faida moja ninayoikiri ni kwamba suruali haiingii kwenye cheni. Mimi nazifunga keria, zimepinduliwa, midomo chini, kwa ukanda ule ule wa tyubu. Ukizifunga midomo juu na mvua ya Ibanda ikakukuta, utafika langoni umebeba ndoo mbili.

Kuna njia ya kukodi. Kampuni za kuongoza wapandaji huko chini ya mlima huwa na gambuti za kukodisha, na kwa mtu anayekwenda mara moja maishani, anayetoka mbali na ndege, ni sawa. Mimi nilikodi mahali fulani zamani na nikapewa jozi ambayo ndani bado ilikuwa na unyevu wa mtu mwingine, mguu wa kulia namba moja juu ya wa kushoto. Mhudumu akaniambia vidole vitazoea. Kwa bei ya soko la Kasese sioni haja. Ukimaliza na huzihitaji, mpe mpagazi wako pamoja na bahasha yake, usimpe badala ya bahasha. Nimeona wageni wakifanya hivyo na nimeona uso wa anayepokea.

Milima mingine basi, kwa haraka.

Elgon, hapana, au karibu hapana. Njia ya Sasa kutoka Budadiri inaanza mashambani kwenye kahawa na migomba, inapanda kwa ukali kwenye majabali ya Mudangi yenye ngazi, halafu mianzi, halafu nyasi na lobelia hadi ukingo wa kreta na Wagagai, mita 4,321. Mvua ikiwa nyingi ile sehemu ya mianzi inateleza mno na gambuti inajitahidi, lakini juu ni pakavu na ni mwendo mrefu, kilomita nyingi za kukanyaga mawe, na huko buti langu la ngozi la Owino ni mfalme. Nimelitengeneza soli mara kadhaa na bado linanipeleka. Ukipita Budadiri wakati wa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kula kwa karanga kabla ya kupanda. Hayahusiani na viatu, nimekumbuka tu.

Muhavura, hapana kabisa. Mita 4,127, mteremko mmoja ulionyooka kutoka chini hadi kwenye kiziwa cha kreta juu, mawe ya volkano yanayobiringika chini ya mguu. Kifundo kisicho na msaada hapo kinaumia kwenye kushuka. Sabinyo, pale Uganda, Rwanda na Congo zinapokutana, ina tope na ngazi nyingi za miti. Niliwaona waongozaji wakiipanda kwa gambuti na kile kisigino chenye ukingo kikashika kila daraja la ngazi vizuri sana, lakini mimi kwenye ule uwazi wa pembeni nataka kiatu kilichofungwa mguuni. Gahinga ndiyo ya kuchekesha. Njia yote ni ya buti, mianzi na kupanda kwa kawaida, halafu kileleni, mita 3,474, kreta nzima ni kinamasi, na unasimama ukingoni ukitamani gambuti ulizoacha Kisoro.

Kwa Rwenzori, njia ya Nyakalengija na ile ya Kilembe vile vile, hukumu yangu haijabadilika. Zimenidumu miaka. Meno ya soli yameisha nusu, mkunjo wa kifundo bado haujapasuka, na bitana ya mguu wa kulia imeanza kubanduka kwenye vidole, nadhani kwa sababu nilizikausha juani mara nyingi badala ya kivulini. Mpira na jua ni maadui. Zikaushe kivulini, zijaze magazeti, na usiziweke karibu na mafuta ya cheni, kwa sababu mafuta yanaufanya mpira ulegee.

Ninaziuza? Hapana, kijana wa mtaa wa pili ameshauliza. Ila nataka jozi ya pili kabla hizi hazijaisha, na nikipita Kasese nitaanzia kwa mama yule yule, pale chini ya meza. Wenye miguu mikubwa, namba 11 kwenda juu, zitafuteni Kampala mapema kabla ya safari. Kibandani kwake sijaziona.